Kuogelea mtindo wa chura Ziwa Kivu: mwongozo kamili kwa aliyejaribu akashindwa

Kila mwisho wa juma hapa Goma naona jambo lilelile. Kijana anaingia majini, shingo juu kama kasa, mikono inachota maji kwa nguvu zake zote, miguu inarusha povu. Baada ya mita tano pumzi zimekwisha, na ukimpima kwa jiwe la ufukweni, hajasogea. Anatoka akitetemeka na kuniambia: “Yaya, mimi ni mzito, maji hayanitaki.”

Si mzito. Nyayo zake zinasukuma maji upande usiofaa, na hajui kungoja. Hayo mawili ndiyo yanayowashinda karibu wote niliowafundisha, kuanzia watoto wa dada yangu hadi baba mmoja wa miaka hamsini. Wengine mtindo huu mnauita brasi. Ni uleule.

Umewahi kumtazama mtu wa chukudu barabarani? Goti moja limetulia juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma ardhi mara moja, kisha anaacha gari la mbao litembee lenyewe. Anayesukuma bila kuacha litembee hafiki sokoni. Ukiielewa chukudu, nusu ya mtindo wa chura unaijua tayari.

## Vitu vya kuandaa

Mtu anayejua kuogelea. Huyu ndiye wa kwanza, na hana mbadala. Akae ufukweni au asimame majini karibu nawe, macho kwako, simu mfukoni. Ukimkosa siku hiyo, fanya mazoezi ya nyumbani tu.

Bidoni (dumu la plastiki) ya lita 5, tupu, kifuniko kimekazwa. Inabeba karibu kilo tano, na hiyo inatosha. Watu huleta bidoni ya manjano ya lita 20 wakidhani kubwa ni salama zaidi. Ile inainua kifua mno, miguu inazama, na utajifunza kuogelea ukiwa umesimama wima. Iache ya kuchotea maji.

Kamba ya mita 10 na bidoni nyingine. Funga bidoni mwisho wa kamba, utie maji kidogo ndani ili irushike mbali. Hiyo ni ya kukuokolea. Kamba hiyohiyo ndiyo itakayokupimia umbali.

Nguo ya kubana. Kaptula fupi, au suruali ya kubana na fulana kwa akina dada. Kitenge kinafunga mapaja, na mtindo huu wote uko miguuni. Jinzi ni jiwe ulilolivaa mwenyewe.

Viatu vya plastiki vyenye mkanda. Mawe ya volkano yanakata kama chupa iliyovunjika. Vaa hadi kwenye maji, kisha vivue kabla ya kupiga miguu, kwa sababu unyayo lazima uyahisi maji.

Beseni, benchi au kitanda, taulo na sweta. Miwani ya kuogelea ni nzuri ukiipata, lakini si lazima. Dada zangu wenye misuko huniuliza kuhusu kofia ya plastiki: vaeni mkipenda, ila maji yataingia tu.

## Kuchagua maji na saa

Usiiruke sehemu hii kwa sababu umezaliwa hapa.

Ziwa Kivu lina kina cha zaidi ya mita 470 kwenye vilindi vyake, na mahali pengi ufuo hauteremki polepole: hatua tatu maji yako kiunoni, hatua ya nne hakuna chini. Tafuta mahali pa mchanga au changarawe. Mwenzako atangulie kupima kwa miguu, kisha mkubaliane mpaka wenu, maji ya kifuani. Huo mpaka hauvukwi hadi hatua ya mwisho ya mwongozo huu.

Pili, mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu unayoweza kuitegemea, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inatuama kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na asubuhi mapema kabla upepo haujavuma. Mdomo wa mwogeleaji uko palepale hewa hiyo inapolala, juu kidogo ya maji. Kwa hiyo usishuke kwenye vijighuba vilivyozibwa na mawe, hasa upande wa magharibi wa mji, na ukiona panya, ndege au wadudu waliokufa shimoni, rudi ulikotoka. Chagua ufuo wa wazi ambako watu huchota maji na kufua kila siku.

Mimi napenda kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Jua limeshapanda, upepo umeanza kupeperusha hewa, na mawimbi ya mchana bado. Ngurumo ikisikika, hata kwa mbali, tokeni. Ngurumo unayoisikia ina radi inayoweza kukufikia.

Wa Bukavu: kaeni mbali na mahali ziwa linapoanza kumwagikia mto Ruzizi. Mkondo hauangalii mtindo wako.

## Hatua ya 1: Pumzi kwenye beseni (siku tatu, nyumbani)

Jaza beseni maji. Vuta hewa kwa mdomo, ingiza uso hadi masikioni, toa hewa taratibu kwa pua na mdomo hadi uone mapovu, inua uso, vuta tena. Usipanguse uso.

Hii inafanywa kwa sababu anayebana pumzi majini anapoinua kichwa ana kazi mbili, kutoa na kuvuta, na muda ni wa moja tu. Ndipo anapokunywa ziwa.

*Umefaulu* ukifanya mara 20 mfululizo bila kukohoa na bila mkono kwenda usoni.

## Hatua ya 2: Kuelea na kusimama tena

Simama maji yakiwa kati ya kiuno na kifua. Vuta hewa, laza uso majini, nyoosha mikono mbele, acha miguu ipande yenyewe. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo yanabeba kidogo kuliko bahari. Miguu yako ikishuka taratibu, hasa ukiwa kijana mwembamba mwenye misuli, hilo ni la kawaida. Kinachozamisha haraka ni kichwa kilichoinuliwa. Tazama chini, wala si mbele.

Sasa kusimama, ambako watu wengi hawakufundishwa, na ndiko hofu inakotoka. Vuta magoti kifuani, sukuma maji chini kwa viganja, inua kichwa, kisha shusha nyayo. Ukijaribu kusimama mwili ukiwa bado umenyooka, utatapatapa hata kwenye maji ya magotini.

*Umefaulu* ukielea ukihesabu hadi tano na kusimama bila kumshika mwenzako, mara kumi.

## Hatua ya 3: Kuteleza

Mgongo uelekee kwenye kilindi, uso uelekee ufukweni. Ndiyo, elekea ufukweni daima. Ukikosea, utakosea kuelekea salama. Mwenzako akushikilie nyayo kwa viganja vyake, au ukanyage jiwe laini, kisha jisukume. Mikono imenyooka, masikio katikati ya mikono, miguu imeshikana. Usifanye lolote. Teleza hadi mwendo uishe wenyewe.

Vijana huniambia hatua hii ni mchezo wa watoto. Haya, ndicho kipimo chako cha baadaye: mahali unapofika kwa kuteleza tu ndipo kila pigo la mguu linapaswa kukupeleka.

*Umefaulu* ukifika mita tatu, yaani karibu theluthi ya kamba.

## Hatua ya 4: Miguu, nchi kavu

Hapa ndipo kazi ilipo. Wiki nzima ikipita hapa, usihuzunike. Katika mitindo mingine mikono ndiyo injini, lakini katika huu wa chura sehemu kubwa ya mwendo hutoka miguuni, na mguu wenyewe hufanya kitu ambacho hakuna kazi nyingine ya kila siku inayokifundisha.

Keti kitandani, miguu imenyooka mbele. Vuta vidole vya miguu kuelekea kwako hadi uhisi mashavu ya miguu yakikaza. Sasa, bila kulegeza, geuza nyayo zitazame nje, kulia na kushoto. Huo ndio mguu wa bata. Tembea nao ndani ya nyumba dakika mbili, kwa visigino, vidole nje. Watoto watacheka, waache wacheke. Wanaokwama majini karibu wote wananyoosha vidole kama wachezaji wa dansi wakati wa kusukuma, na unyayo ulionyooka hivyo unayakata maji kama kisu badala ya kuyasukuma kama kasia.

Kisha lala kifudifudi kwenye benchi, magoti yakianzia ukingoni, ufanye sehemu nne:

Kunja. Leta visigino karibu na matako, polepole. Magoti yabaki upana wa nyonga, au kuzidi kidogo tu. Usiyavute magoti chini ya tumbo, kwa kuwa mapaja yatasimama kama ubao na kuzuia mwendo wote ulioupata.

Geuza. Mguu wa bata. Simama hapa kidogo, hakikisha nyayo zote mbili zimegeuka.

Sukuma. Visigino viende nje, nyuma, kisha vikutane, kwa mkunjo mmoja kama vya mtu anayechora nusu duara mbili. Hapa ndipo pa kasi.

Funga. Miguu imeshikana, sasa vidole vinyooke. Hesabu moja, mbili. Usisogeze lolote.

Mdundo wake ni polepole, polepole, haraka, kimya. Anayekunja kwa haraka anajirudisha nyuma kwa nguvu ileile atakayosukumia mbele, ndiyo maana yule kijana wa Jumapili hasogei.

Mwombe mwenzako aweke viganja kwenye upande wa ndani wa nyayo zako akuzuie kidogo unaposukuma. Unapaswa kuhisi uzito kwenye upande wa ndani wa unyayo na wa mfupa wa ugoko. Ukiuhisi kwenye vidole tu, rudi kwa bata.

*Onyo la goti.* Maumivu upande wa ndani wa goti yana maana kwamba umelipindua goti lenyewe badala ya kugeuza kuanzia nyonga na kifundo, au umepanua mno. Acha siku hiyo. Kesho punguza upana. Goti lililowahi kuumia mpirani lisilazimishwe hata kidogo.

*Umefaulu* ukifanya mara 30 kwenye benchi huku unazungumza na mtu, bila kuitazama miguu yako.

## Hatua ya 5: Miguu, majini

Kwanza shika jiwe imara au mikono ya mwenzako, mwili umelala, uso unaingia na kutoka. Piga miguu kumi. Mwenzako atazame nyayo tu na aseme “bata” kila zinapolegea.

Kisha bidoni. Ishike kwa mikono yote miwili mbele yako, viwiko vimenyooka, kidevu majini. Usiikumbatie kifuani. Piga mara moja, teleza hadi ukaribie kusimama, ndipo upige tena. Ukihisi hamu ya kuharakisha, kumbuka mtu wa chukudu anayeshuka mteremko: je, anasukuma?

Kosa la kutazamia hapa ni mkasi: mguu mmoja umegeuka nje, mwingine umelala kama wa anayepiga teke la mpira. Mwili unapinda, na unajikuta unaogelea kuelekea kushoto. Katika mashindano rasmi mkasi huo unakuondoa. Dawa yake si kupiga kwa nguvu. Piga mguu mmoja peke yake, ule mvivu, mara kumi, ukishika jiwe, halafu yote miwili.

*Umefaulu* ukimaliza kamba ya mita 10 kwa mapigo yasiyozidi kumi, ukiwa bado unaweza kuzungumza. Mwanafunzi wangu mmoja alianza na mapigo 26. Wiki ya pili alifika tisa, na nguvu hazikuongezeka hata kidogo. Nyayo ziligeuka, basi.

## Hatua ya 6: Mikono, na iwe midogo

Simama maji ya kifuani, inama hadi mabega yaingie. Nyoosha mikono mbele, viganja vitazame nje. Fungua hadi kuzidi mabega kidogo, kunja viwiko vikiwa bado juu, kisha zoa maji kuyaleta chini ya kidevu, kama mtu anayekusanya maharagwe yaliyomwagika mezani. Viganja vikikutana, virushe mbele mara moja. Visipumzike kifuani kana kwamba unasali.

Sheria ni moja: mikono yako uione wakati wote. Usipoiona, umevuta kupita kiasi. Ikifika kwenye mbavu, kichwa kinazama, na kuirudisha mbele kunakula mwendo wote.

Sasa ongeza pumzi. Unapozoa maji kuelekea kidevu, kifua kinainuka chenyewe, na mdomo unatoka. Vuta hewa hapo. Macho yatazame maji yaliyo mbele yako kidogo, wala si mlima Nyiragongo. Mikono ikirushwa, uso unarudi ndani pamoja nayo, na mapovu yanaanza.

*Umefaulu* ukitembea mita 10 majini kwa mikono na pumzi hizo bila kunywa maji.

## Hatua ya 7: Kuunganisha

Sema kwa sauti ukiwa ufukweni, hadi wapita njia wakuulize kama u mzima: vuta, pumua, piga, ngoja.

Mikono inapovuta, miguu imelala imenyooka. Unapopumua, visigino ndipo vinapanda. Mikono ikishanyooka mbele, ndipo miguu inapiga. Kisha vyote vinanyooka, uso majini, na unangoja. Mikono na miguu havifanyi kazi pamoja. Vinapokezana, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Wakiteremsha michi kwa pamoja, inagongana.

Anza hivi: kuvuta kumoja, kupiga kuwili. Pigo la pili halina mikono wala pumzi, ni la kukulazimisha uteleze. Fanya mita 10, mara sita. Kisha ondoa pigo la pili, lakini acha nafasi yake ibaki, hesabu “moja, mbili” mahali lilipokuwa.

Hapa wengi hurudi kwenye ugonjwa wa zamani. Hofu ikiingia, neno la kwanza kupotea ni “ngoja”. Mikono inaanza kuvuta kabla miguu haijafunga, kichwa kinabaki juu, na mchoko unakuja mbio. Likitokea, usimalizie mita zilizobaki kwa kutapatapa. Simama, pumua, jisukume upya. Mita nne safi zinakufunza zaidi ya kumi chafu, kwa kuwa mwili hukumbuka chochote unachourudia, hata ubovu.

Mazoezi ya dakika 30 kwa siku yanatosha. Maji yetu hayaonekani baridi, lakini yanaiba joto la mwili polepole, na mtu anayetetemeka hawezi tena kugeuza kifundo vizuri. Toka, vaa sweta, unywe chai.

*Umefaulu* ukimaliza mita 10 kwa mizunguko minane au pungufu, na mwenzako akaona kwamba kila baada ya pigo kuna kitambo ambapo hakuna kiungo kinachosogea.

## Hatua ya 8: Nje ya kimo chako

Sikuzungumzia sababu za kujifunza, kwa kuwa hapa kila mtu anazo. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku hapa Goma, ufuo ukionekana, wakafa makumi ya watu. Tangu hapo watu wazima wanaouliza kuhusu kuogelea wamezidi watoto. Ninawajibu kwamba mtindo wa chura ni mzuri kwa hilo, unaona mbele na hauchoshi haraka. Ila mtu aliyejifunza kuogelea bado anavaa jile, jaketi la kuokolea, akipanda boti. Usiku, na nguo, na watu wanaokushika shingo, si maji haya ya asubuhi.

Kabla ya kuvuka mpaka wenu wa kifuani, fanya mtihani huu ndani ya mpaka. Ogelea sambamba na ufuo mita 50, kamba mara tano, bila kugusa chini. Katikati ya safari, geuka chali uelee dakika moja, masikio majini, ukipumua taratibu, kisha geuka uendelee. Kuelea chali ndiko kupumzika kwako mahali pasipo na chini. Usipokuweza, bado hujamaliza.

Ukipita mara tatu, siku tatu tofauti, njooni na mwenzako na ile kamba yenye bidoni. Aogelee upande wa kilindi, wewe upande wa ufuo. Nendeni sambamba na ufuo tena, wala si kuelekea katikati, mahali ambapo maji yanakuzidi kimo kidogo tu. Mara ya kwanza chini itatoweka na utaona weusi. Moyo utadunda na mikono itataka kukimbia. Sema “ngoja” ndani ya maji, kwa mapovu, na uteleze hadi mwisho wa hesabu kabla ya kuvuta tena.

Mpwa wangu alipofanya hivyo mara ya kwanza, alifika kwenye jiwe la upande wa pili, akalishika, akageuka kunitafuta. Nilikuwa nyuma yake mita sita, nikihema.